Nyieka Wangu

Hatukuwahi kuolewa na mume mmoja, lakini kwa miaka saba nilimwita nyieka, naye akaniita hivyo hivyo. Kwa Kijaluo neno hilo ni mke mwenza. Yeye ndiye aliyenifundisha, maana kwao ni upande wa ziwa na kwetu ni Magharibi. Nililipokea kama jina la utani tu, nikaliongezea "wangu" mwishoni. Alicheka hadi akashika ukuta. Akanieleza kwamba "nyieka" peke yake tayari ni "mke mwenza wangu", kwa hiyo nikisema nyieka wangu ninamdai mara mbili. Nikamwambia basi na iwe mara mbili, mimi sina aibu.

Mume tuliyegawana alikuwa cherehani. Ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, imebanduka rangi pale mkono unapopita, na tuliinunua kwa kuchanga kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akirudi mashambani. Vyumba vyetu vilitazamana katika ploti moja ya mabati huko Kawangware. Asubuhi cherehani ilikuwa kwake, mimi nikikata vitambaa na kushona vifungo. Mchana tuliibeba kuvuka ua, tukiruka mtaro wa maji machafu, ikaja kwangu. Hapo ndipo utani ulipoanza. "Mzee ameamkaje?" "Mzee leo amenuna, amenikatia uzi mara tatu." "Mpake mafuta, nyieka, wewe humtunzi." Mpangaji mmoja mgeni alitusikia wiki nzima, kisha akanivuta kando penye bomba la maji kunipa pole. Alisema hata yeye alitoka kwenye ndoa ya wake wawili, na kwamba siri ni kutokula kwa hasira. Nilimshukuru kwa uso mkavu kabisa. Tuliicheka ile pole mwezi mzima.

Mume wake wa kweli alikuwa amefariki kabla hajaja Nairobi. Wangu alikuwa fundi wa mawe, akifuata kazi mji hadi mji, na sikumkosa sana. Niseme ukweli tu, aliyeniuliza kama nimekula alikuwa nyieka. Alikuwa na tabia ya kubana pini midomoni huku akiimba kwa pua, nami nilikuwa nikimgombeza kila siku kwamba atameza moja tumzike kwa ujinga.

Tulishona sare za shule, na siri ya kazi yetu ilikuwa pindo. Chini ya kila sketi tulikunja kitambaa upana wa kiganja kizima, tukakishikiza kwa mkono, mishono mirefu iliyo rahisi kufumua. Mtoto akirefuka, mama anafumua, anashusha, anapiga pasi, na sketi inaendelea. Mzazi wa Kawangware hanunui sketi mbili ikiwa moja inaweza kukua. Mimi ndiye niliyekuwa na mkono wa lile pindo. Yeye ndiye aliyekuwa na miguu na mdomo. Alizunguka shule hadi shule, sketi ya mfano ikining'inia mkononi, akiwafumulia walimu wakuu pindo mbele ya macho yao. Kabla ya kengele ya saa nne kulia, mwalimu mkuu alikuwa ameshakubali.

Oda zikazidi mzee mmoja. Akapata ghala huko Industrial Area, akaweka cherehani za umeme, akaja kuniambia nijiandae nikawe msimamizi wa mafundi. Nilikataa. Nilisema siwezi kuajiriwa na mke mwenza. Tulicheka wote wawili, lakini mimi sikuwa nikitania, na yeye alijua. Nilikuwa na maringo yangu. Nilijiona nikipigiwa kengele ya kuingia na ya kutoka, nikimwita madam mbele ya wasichana wengine, nikaona heri nibaki na mtaro wangu. Aliniachia cherehani akahama.

Mengine kila mtu anayajua. Kampuni yake ilivalisha shule za nusu ya nchi. Alihamia ng'ambo ya Ngong Road, penye ua wa michongoma na mbwa. Mwanzoni alikuja kila mwezi. Baadaye alipiga simu. Mwishowe ikawa ujumbe wa Krismasi, ule unaotumwa kwa watu mia kwa mpigo, hauna jina la mtu ndani yake. Nami kwa maringo yale yale sikumjibu. Ningejibu nini? "Nawe pia"?

Nilimkosa. Sitazunguka mbuyu. Nilimkosa nikishona na nikila, na zaidi siku ambazo jambo la kuchekesha lilitokea uani na sikuwa na mtu wa kumtazama. Marafiki wengine ninao, wa kanisani na wa chama. Lakini mtu anayekucheka kwa haki hapatikani mara mbili. Nilitaka kitu kimoja tu: aje aketi kwangu mchana mmoja, yeye peke yake, bila watu wake.

Kisha akafungua wakfu wa kusaidia watoto. Nilisikia kwamba atagawa sare katika shule moja ya Soweto West, huko Kibera, mahali alipofikia alipotoka ziwani mara ya kwanza. Nilifunga kazi nikaenda. Watoto walikuwa wamepangwa mstari tangu asubuhi, wapiga picha wakawa wengi kuliko walimu. Nilimshika msichana mmoja aliyekwisha kupewa sketi, nikageuza upindo wa chini. Ulikuwa upana wa kidole. Kidole kimoja! Nikasema kwa sauti, bila kumwambia mtu, "Hii si sketi ya mtoto, hii ni sketi ya picha."

"Nyieka, unanisengenya?"

Alikuwa nyuma yangu. Suti ya bluu, lulu masikioni, na macho yale yale.

"Pindo liko wapi?" nikamuuliza.

"Wafadhili wanaangalia kitambaa, nyieka. Wanasema tunapoteza."

"Na mtoto akikua?"

"Si tutampa ingine."

"Na ukichoka kupeana?"

 Alinifinya mkono kwa nguvu, kama mtu aliyeshikwa na tumbo, kisha wakamwita kwenye picha akaenda. Nilirudi Kawangware nikiwa na furaha ya kijinga. Aliniita nyieka mara mbili, nami nilihesabu.

Siasa ilimpata mwaka uliofuata. Alitangaza kwamba anagombea ubunge Kibera, na kuta zikajaa uso wake, hadi huku kwetu Kawangware. Chini ya uso waliandika kwamba ni mjane aliyeanza na cherehani moja, peke yake. Nililisoma bango hilo kwanza nikiwa nimesimama, halafu nikatafuta mahali pa kuketi. Peke yake! Nilikasirika hadi nikashona mkono wa shati nje ndani. Lakini hasira yangu ina tabia moja mbaya. Huwa haiendi kwa mwenye kosa. Hukaa nyumbani nami ikala chakula changu.

Siku chache baadaye alikuja msemaji wake, mama wa makamo aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Aliketi ukingoni mwa kiti.

"Mheshimiwa anataka usimame na yeye Jumapili," akasema. "Uambie watu mahali alitoka. Wanasema yeye ni tajiri hajui shida."

"Ni yeye mwenyewe amesema?"

"Ni yeye amesema."

Nilishona gauni jipya siku mbili nzima. Nilisuka nywele. Jirani aliniuliza kama naenda harusini, nikamwambia karibu hivyo.

Mkutano ulikuwa uwanjani karibu na Ayany, huko Kibera, Jumapili baada ya kanisa, watu wengi hadi juu ya kuta. Wengi walikuwa wa kwao, wa upande wa ziwa, na wa kwetu pia hawakukosa. Nilipandishwa jukwaani. Yeye alikuwa ameketi kiti cha mbele. Nyuma yake lilikuwa lile bango, na neno lile nililoliona Kawangware lilikuwa hapa kubwa kama mlango. Nikasahau yote niliyopangiwa kusema.

"Hakuanza peke yake," nikasema kwenye kipaza sauti. "Alianza na mimi. Mimi na huyu tulikuwa nyieka!"

Ulimi hauna mfupa. Nilikuwa nimelitumia neno lile miaka mingi kwa maana yetu ya ploti, hata nikasahau kwamba lina maana ya watu wengine wote. Uwanja mzima ukalipuka.

"Wololo! Nyieka?"

"Kwani bwana ako wapi?"

"Si walisema ni mjane!"

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilidhani wamefurahi, nikataka kuwaongezea.

"Tulikuwa na mzee mmoja tu!" nikapaza. "Asubuhi wake, mchana wangu! Na hakuna siku tuligombana!"

Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakapiga miluzi, mmoja akavua kofia akairusha juu kwa heshima ya mzee huyo. Nikageuka kumtazama. Alikuwa akicheka. Sitasahau. Alikuwa ameinama, mabega yanaruka, mkono mdomoni, kama siku ile ya pole ya mpangaji. Kwa muda huo mfupi tulikuwa sisi wawili tu. Kisha akainua macho akaona simu zote zilizoinuliwa, na kicheko kikamtoka usoni polepole, akakaa wima.

Kufikia Jumatatu mzee wetu alikuwa maarufu kuliko sisi. Vibandani watu walijua umri wake, kazi yake, na ugonjwa uliomuua. Wengine walisema hajafa, amefichwa Kawangware ili mheshimiwa apate kura za huruma. Wapinzani waliuliza mikutanoni, mtu anayemficha bwana yake hatawaficha nini nyinyi? Lisemwalo lipo, watu wakasema. Wakaja hata mlangoni kwangu.

"Mathe, niaje. Tumekuja kumwona mzee."

"Ndiye huyo," nikawaonyesha cherehani.

Walidhani nawafanyia dharau. Mmoja aliniambia nimelipwa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo zaidi, maana ni nani mwenye akili timamu anayeita cherehani mume?

Siku ya Alhamisi msemaji akarudi. Safari hii hakuketi. Alisema mambo yameharibika, na kwamba njia ni moja tu, mimi nirekodiwe nikisema kwamba nilikosea. Nisiseme habari ya cherehani, kwa sababu itachekwa na itadumu. Niseme tu kwamba mimi ni mmoja wa akina mama waliosaidiwa na wakfu na kwamba mheshimiwa simjui kibinafsi. Eti niseme furaha ya siku ile ndiyo iliyonichanganya.

"Simjui?" nikauliza.

"Ni maneno tu, mama."

"Yeye amesema niseme hivyo?"

"Amesema."

Nambari yake nilikuwa nayo. Simu ilikuwa mezani, imelala karibu na chaki. Ningempigia pale pale, mbele ya huyo mwalimu na miwani yake. Sikupiga. Niliogopa iite hadi ikatike, nami niwe nimejua kwa hakika kwamba ameniacha. Basi nikasimama nikavaa lile gauni jipya nikaenda naye. Ofisi yao ya kampeni ilikuwa katika fleti moja Nyayo Highrise, ghorofa ya tatu. Waliniketisha kwenye sofa, taa usoni. Nilisikia mtu akitembea chumba cha pili, nikajipa moyo kwamba ni yeye na kwamba nikimaliza atatoka aniambie pole. Nikayasema yale maneno vizuri kabisa, bila kukwama. Nilijitolea kwa ajili yake na nikamkomoa, yote mawili kwa pumzi moja, na hadi leo siwezi kukuambia lipi lilikuwa zaidi.

Aliyetoka chumba cha pili alikuwa mpishi, na birika la chai.

Uchaguzi ukaja, akashindwa. Sisemi alishindwa kwa sababu ya mzee. Siasa ya Kibera ina mengi, na kuna walioshindwa wasiokuwa na cherehani wala mke mwenza. Mabango yalichanika, yakafunikwa na mengine ya dawa za panya na mahubiri. Miezi mitatu ikapita.

Alikuja mchana wa Jumatano, matope yakiwa hadi vifundoni. Gari aliliacha barabarani akatembea mwenyewe kupita kwa wauza mboga, amejifunga leso kichwani, na sijui kama kuna aliyemtambua. Mimi nilikuwa napindua kola. Mlango ukaingia giza, nikainua macho, naye huyo. Peke yake. Hapakuwa na msemaji wala mpiga picha. Kile nilichokitaka miaka yote kilikuwa kimesimama mlangoni kwangu kikitafuta pa kupangusia viatu.

"Karibu, Mheshimiwa," nikasema.

Sikulipanga neno hilo. Nilikuwa na lingine tayari, nimelitunza kama nguo ya Krismasi. Lakini hasira iliyokuwa ikila chakula changu miezi yote ilikuwa imenona, ikatangulia mlangoni.

"Mheshimiwa gani?" akasema taratibu. "Si nilianguka."

"Kiti kiko hapo."

Aliketi. Niliweka chai, nikampa kikombe cha wageni, kile cha maua. Tuliongea habari ya mvua. Tuliongea habari ya bei ya sukari, sisi wawili, kama wanawake waliokutana kwenye foleni. Halafu akaweka kikombe chini.

"Jumatatu ya wiki iliyofuata nilikuwa niende redio," akasema. "Nilikuwa niwaambie mzee ni cherehani. Wacheke, wacha wacheke. Na niwaambie ile 'peke yake' ni uongo, watu wangu waliandika na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nikuchukue twende wote. Halafu Jumapili, siku moja kabla, naletewa simu, nakuona na gauni yako mpya, unasema hunijui."

Kola niliyokuwa nimeirudia ilinitoka mkononi.

"Msemaji wako alikuja," nikasema. "Alisema ni wewe umesema."

"Na wewe ukaamini."

"Ningejuaje?"

"Si ungenipigia?"

"Na wewe si ungenipigia? Miezi mitatu!"

"Niliona aibu," akasema. "Nilidhani umenikataa. Tena nikaona uko na haki."

 Nje mtoto alikuwa akiitwa aje kuoga na hakuwa akienda. Nilimtazama mikono, nikaona kidole chake cha shahada bado kina sugu ya sindano, ambayo hata utajiri haukuitoa. Nilijua ananisubiri. Mtu uliyeishi naye mlango kwa mlango, kimya chake unakisoma. Hakuhitaji kuombwa msamaha, na mimi sikuhitaji kuombwa. Lilihitajika neno moja, lile letu la ploti, hata na kosa langu la kumdai mara mbili. Nililisikia kooni. Nikasubiri alitoe yeye kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeondoka. Halafu nikakumbuka kwamba alipohamia ghala aliniomba twende wote, na aliyekataa ni mimi. Hata baada ya kukumbuka hilo sikufungua mdomo.

Alimaliza chai. Akasimama, akakichukua kikombe chake, akaelekea kwenye beseni la vyombo lililokuwa kwenye kona, kama alivyokuwa akifanya siku zote alizokula kwangu. Hakufikiri, mkono wenyewe ndio uliompeleka. Alikuwa tayari amekunja mkono wa blauzi.

Nikamfuata nikakishika kile kikombe.

"Wacha," nikasema. "Wewe ni mgeni."

Ni maneno ya adabu. Kila mwanamke wa Kawangware huyasema kila siku. Alinitazama, vidole vyake bado vimeshika sikio la kikombe na vyangu vimeshika ukingo wake, kisha akaachilia. Akashusha mkono wa blauzi, akafunga kifungo. Akasema asante kwa chai, nikasema karibu tena, akaenda akiruka matope.

Nilikiosha kile kikombe. Sijui niliosha muda gani, lakini maji yalikuwa yamepoa.